Namba Iliyokataa Kusogea

Nyumbani kwa mpwa wako,
Ghorofa ya tatu, mlango wa bluu.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mgongo wako unaendeleaje? Uliniambia unalala na mto chini ya magoti. Endelea hivyo hivyo, na usibebe mitungi ya gesi ukijiona bado kijana. Wifi yangu je, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima. Presha yangu imeshuka, ila goti la kulia linanikumbusha ile miaka thelathini na moja ya kusimama wodini. Mjukuu wetu ametimiza miezi minne na ana mashavu kama yako ya utotoni, yaani shingo haionekani.

Nina habari ya mkwe wangu, na ni ndefu kuliko simu. Pia nina la kukiri mbele yako. Ulipokuwa mshenga wetu nilikuambia mwanamke anayeshinda akichora mistari kwenye kompyuta nyumba ataiona saa ngapi. Ukanijibu kwamba ipo siku nitakushukuru, nami nikanuna miezi saba bila kukupigia simu. Basi soma, ucheke utakavyo.

Mkwe alirudi kazini wiki tatu zilizopita, likizo ya uzazi ilipokwisha. Ofisi yao inachora ramani za majengo na iko mtaa wa pili, juu ya duka la vioo. Mtoto chupa haitaki kabisa, kwa hiyo kila siku saa saba mchana namfunga mgongoni, napanda ngazi na goti langu hili, nampeleka akanyonye. Wameniwekea kiti karibu na mashine kubwa ya kuchapia michoro. Mchoraji mwenzake mmoja, wanayemwita Chapchap kwa jinsi anavyokimbiza kazi, huniamkia na kuniuliza lini nitaanza kuchora.

Kazi waliyonayo ni jengo jipya la hospitali, wodi moja chini na nyingine juu. Litaunganishwa na jengo la zamani kwa ujia wenye paa, ili vitanda vya wagonjwa visukumwe kutoka huku kwenda kule. Kwa hiyo sakafu ya juu ya jengo jipya lazima ilingane na ile ya zamani: mita tatu na sentimita sitini kutoka sakafu ya chini. Mimi nimevisukuma vitanda hivyo. Kizingiti cha unene wa vidole viwili tu kinamliza mtu aliyeshonwa tumbo.

Jumatano nilifika nikakuta ofisi imepoa kama wodi inayomsubiri daktari mkuu. Msimamizi wa ujenzi alikuwa amepiga simu. Mchoro wa sura ya mbele unasema sakafu ya juu iko mita 3.60. Mchoro mwingine wa jengo hilo hilo, ule unaolionyesha kana kwamba limekatwa kwa kisu kama mkate, unasema 3.45. Na sakafu ya chini, ambayo inatakiwa isomeke sifuri, upande mmoja imeandikwa mita elfu moja mia nne na ushee. Afuate upi? Ijumaa mafundi wanaanza kufunga mbao za kushikilia zege la sakafu ya juu.

Mchoro ule alikuwa ameushika Chapchap wakati mkwe yuko likizo. Akasema programu ina vituko vyake, na dawa yake ni kubofya namba mbaya na kuandika juu yake namba nzuri. Kila mtu anajua ni 3.60. Kisha akaongeza, kwa sauti ya huruma, kwamba mama wa mtoto mchanga halali vizuri, kwa hiyo amwachie yeye amalizie. Mkuu wa ofisi, mzee anayetundika miwani kifuani, alikuwa karibu kukubali. Ulimi uliniwasha. Nikajikumbusha kwamba mimi pale ni mbeba mtoto tu.

Mkwe alimpokea mtoto, akampakata mkono wa kushoto, akajifunika shali. Mkono wa kulia haukuachia kipanya. Akasema taratibu:

"Sitaandika namba ambayo jengo lenyewe halijaisema. Naomba saa moja."

Mkuu akampa.

Alianza na ile elfu moja mia nne. Alinieleza baadaye kwamba alama ya kimo huambiwa ianze kuhesabu wapi, na hii iliambiwa ianzie usawa wa bahari badala ya sakafu ya chini. Akaibadilisha, sifuri ikarudi mahali pake. Kisha akakuta alama nyingine imenasa kwenye dari badala ya kwenye sakafu. Akainasua, akaishikiza panapostahili. Bado michoro miwili ilibishana, 3.60 huku na 3.45 kule, na Chapchap akaanza kuangalia saa.

Hapo akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaikamata sakafu ya juu ya jengo lile la kwenye kompyuta, akaipandisha mita nzima kwa makusudi. Namba zote za vimo kwenye mchoro zikabadilika, isipokuwa ile 3.60 ya sura ya mbele. Akaishusha sakafu. Namba ile haikusogea. Mdogo wangu, nilikumbuka kwamba wodini niliwahi kupewa kipimajoto kilichosoma thelathini na saba kwa kila mgonjwa, hata aliyekuwa anatetemeka kwa homa.

Ile 3.60 ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Alipoyafuta maandishi hayo, namba ya kweli ikajitokeza chini yake: 3.45. Jengo lenyewe ndani ya kompyuta lilikuwa fupi kwa sentimita kumi na tano. Akahesabu vidato vya ngazi, akakuta ishirini na tatu badala ya ishirini na nne. Hapo hakuna aliyeangalia saa tena.

Chapchap alivuta kiti akakaa. Akakiri kwamba mwezi uliopita, alipokuwa akishusha dari, aliishusha na sakafu ya juu bila kutambua. Namba ilipogoma, naye muda umembana, akaiandika juu. Mficha maradhi kilio humuumbua. Nilidhani mkwe atamaliza naye palepale. Badala yake akamwambia asogeze kiti wakague namba zote, huyu asogeze sakafu na yule atazame namba. Wakapata nne nyingine zilizokufa. Sakafu ikapandishwa hadi 3.60, ngazi ikapata kidato chake. Mtoto alikuwa amelala zamani, nami nikambeba begani mpaka michoro mipya ikatoka kwenye mashine.

Mkuu alivaa miwani, akapitia kurasa zote, akasema kuanzia sasa mchoro hautoki ofisini mwake bila sahihi ya mkwe wangu. Alisema mbele ya wote. Mimi nilijifanya namfuta mtoto mdomo.

Jana nilimwomba anipeleke nikaone. Fundi mkuu alivuta uzi kutoka sakafu ya zamani hadi kwenye mbao za jengo jipya, akaweka pima maji, akatuita. Kipovu chake kilitulia katikati: sakafu mbili zinalingana. Msimamizi wa ujenzi akampa mkwe mkono, kisha akaniuliza mimi ni nani kwake.

"Mimi ni mama yake," nikasema.

Mkwe alinishika mkono tulipovuka matope, na tulipofika kwenye barabara kavu hakuuachia.

Ulisema kweli, mdogo wangu. Nisamehe ile miezi saba, nami nakushukuru kama ulivyotabiri.

Nisalimie wifi yangu na umpe asali kwa kile kikohozi. Wasalimie mapacha, na mama mdogo mwambie miwani yake imepatikana, ilikuwa kwenye begi langu. Mpwa wako anakusalimu. Siku hizi yeye ndiye anayepika, na chumvi bado anaitafuta. Mungu akulinde barabarani na kazini, na auponye huo mgongo. Ukija, zawadi ya mtoto usihangaike nayo, anazo za kutosha. Mletee mama yake.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ninaponuna,

Dada Mkubwa