Punda Namba Saba

Nyumba ya kona,
Nyuma ya ghala la saruji.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima, unakula vizuri, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kwenye baridi ya huko kimetulia. Sisi huku tunaendelea. Mama magoti yanamuuma kama kawaida, lakini mdomo wake ni mzima kuliko sisi sote. Picha yako ya koti jeupe ameihamishia sebuleni, juu ya televisheni, na kila anayekuja kuomba chumvi lazima aonyeshwe. Mimi sijambo kwa mwili. Kwa mengine nitakueleza.

Barua yako niliipokea Jumatatu. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipouliza habari za watu wa hapa. Umeuliza habari za usubi. Unataka kurudi Desemba na mitego ya kuwanasa hao wadudu kwenye mazizi, na kuwatoa punda damu mara ya pili, na unaniomba niwaandae watu kwa sababu, kama ulivyoandika, mimi wananiamini. Basi kaa chini nikueleze hao watu unaowataja.

Unakumbuka Novemba iliyopita ulivyokuja na sanduku lako la barafu na glavu zako. Ulikuwa unatafuta vimelea vya leishmania, na si vile maarufu vinavyowavimbisha watu bandama, bali ndugu zao wasiojulikana, ambao ulisema wanakaa kwenye punda, farasi na ng'ombe na hakuna anayejishughulisha nao. Watu walikukatalia. Walisema wasomi wengi wamepita hapa, wakachukua damu, wakasema majibu yanakuja, na mpaka leo hayajaja. Ni mimi niliyezunguka nyumba kwa nyumba. Nilisema huyu ni wetu, nimembeba mgongoni, majibu ataleta baada ya miezi mitatu, na asipoleta njooni kwangu. Punda kumi na mmoja wakatolewa damu na kukatwa vipande vidogo vya sikio. Wewe ukaandika namba kwenye vichupa, mimi nikaandika kwenye daftari kila namba na mwenye punda wake.

Baba Pacha, jirani yetu muuza maji, alikataa mpaka siku ya mwisho. Punda jike wake hakuwa na kidonda sikioni, alikuwa na jeraha tu la mkanda begani, na akauliza ya nini kumkata mnyama asiyeumwa. Ukamwambia unahitaji na wazima ili ulinganishe. Akakubali kwa heshima yangu. Akawa namba saba.

Miezi mitatu ikapita, kimya. Ilipofika Mei, mtu akaona kwenye simu picha uliyoionyesha kwenye mkutano wenu: sikio la Karani, punda wangu, na kile kidonda chake kibichi, na nyuma yake ubavu wa mkokoteni wangu wenye maandishi "Polepole Nafika". Maelezo yalikuwa kwa lugha ya kigeni na watu waliambulia neno moja tu, leishmania. Kufikia saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba punda wetu wana ugonjwa mpya wa kula watu nyuso. Duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa likinipa mchanga wa kubeba likaniambia nipumzike kwanza. Kuna mama alimvuta mwanawe kando nilipopita, utadhani kidonda kiko usoni kwangu.

Bwana mifugo akaja. Si mtu mbaya, aliogopa kama wengine. Alitupa siku saba: kama iko karatasi inayosema ni punda gani wana ugonjwa huo, na kama unawapata watu, iletwe, la sivyo atawaondoa wote wenye vidonda. Nilikupigia simu mpaka nikaona aibu. Siku ya sita ukaniandikia: "Dada, matokeo hayawezi kutoka kabla jarida halijayachapisha. Profesa hatakubali. Vumilia kidogo." Nikampelekea bwana mifugo ujumbe huo. Akausoma, akanirudishia simu.

Siku ya nane punda wanne walichomwa sindano nyuma ya ghala. Karani hakuwa mmoja wao, kwa kuwa sikio lake lilikuwa limeshapona lenyewe tangu Machi. Punda wa Baba Pacha alikuwa mmoja wao, kwa ajili ya lile jeraha la mkanda. Alimshika hatamu yeye mwenyewe, hakutaka mtu mwingine amshike.

Agosti makala yako ikatoka. Binamu yetu anayefundisha biolojia aliitoa kwenye printa ya shule akaja kutufasiria mezani, Mama akipiga makofi kila jina lako likitajwa. Mimi nilikuwa na daftari langu mapajani. Kati ya punda kumi na mmoja, waliokutwa na vimelea ni wawili, namba tatu na namba tisa. Namba tatu ni Karani. Namba saba, hakuna kitu. Mmeandika pia kwamba vidonda vilipona vyenyewe, kwamba hamkuona dalili yoyote ya punda hao kuwaambukiza watu, na kwamba vipimo vyote vilikamilika Februari. Februari, mdogo wangu. Punda wamekufa Mei. Na chini kabisa mmewashukuru wenye punda kwa ushirikiano wao.

Nilitoka nikaenda kukaa zizini. Mama akanifuata mpaka mlangoni kuniuliza mbona sifurahi.

Najua utasema ulibanwa. Profesa ana masharti yake, na wewe unatafuta shahada, na hakuna aliyekutuma umuulie mtu punda wake. Yote hayo nimejiambia kwa niaba yako, tena kwa ufasaha kuliko utakavyoyasema wewe. Lakini mimi sikukuomba makala. Nilikuomba neno moja juu ya punda mmoja mmoja, hata kwa kunong'ona, nami ningejua la kumwambia bwana mifugo. Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Nimeishi na punda miaka kumi na tisa na sijapigwa teke hata moja. Aliyenipiga ni yule niliyembeba mgongoni.

Nina hasira na wewe. Naiandika wazi ili usije ukajidanganya kwamba dada amechoka tu.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu Desemba ni hapana. Sitamwandaa mtu, na Karani humgusi. Ukitaka kuja, njoo bila sanduku. Chumba chako kipo na mashuka nitafua. Njoo na hiyo makala umeiandika kwa Kiswahili, upite nayo nyumba kwa nyumba kama nilivyopita mimi, uanze na wale wanne.

Mama anakusalimu sana na anauliza utaoa lini. Shangazi anakusalimu, macho yameanza kumsumbua. Binamu mwalimu naye anakusalimu, na anasema jedwali lenu la pili lina kosa la kujumlisha.

Salamu za mwisho ni za Baba Pacha. Ijumaa asubuhi nilimfuata bombani. Siku hizi mkokoteni anauvuta mwenyewe, amekonda, na wateja wa mbali amewaacha. Nilimwambia kwamba punda wake hakuwa na kitu, maana nisipomwambia mimi, nani atamwambia. Akatua dumu alilokuwa amelishika. Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Ndugu yako alilijua hilo kabla hawajamuua?" Nikamjibu kwamba hukujua. Nilimtazama usoni nikasema hivyo, mimi niliyetoka kwenye makala yako na ile Februari kichwani. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi hana kosa," akasema. "Mwambie asijilaumu, na umsalimie sana."

Nimekufikishia.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe usingizi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo.