Kuku Aliyezinduka Kasulu

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku Kasulu ukungu hauondoki mpaka saa nne, na baridi yake inapenya sweta. Lakini leo nimefurahi, acha nikusimulie.

Chuo cha ualimu kina mahafali, na kuku wameletwa kwa matenga kutoka Nyakitonto. Sisi madaktari wa mifugo tumekuja kutoka Morogoro na mashine ya umeme inayompotezea kuku fahamu kabla hajachinjwa, asisikie kisu. Nikambana wa kwanza kichwani, akalegea. Mzee Ramadhani, mchinjaji, akaweka kisu chini.

"Huyo umeshamuua, Daktari. Mimi sichinji kibudu."

"Basi usimchinje, Mzee. Tumtazame."

Tukamlaza majanini, wapishi wakatuzunguka. Shangazi, niliomba kimoyomoyo! Umeme wa jenereta hauaminiki, na kama angekufa, tungerudisha mashine Morogoro na kuku wangeendelea kuchinjwa wakipapatika kwa hofu. Mara akafumbua jicho, akasimama akiyumba kama mlevi, akajikung'uta na kuanza kudonoa mchele uliomwagika.

Mzee akacheka mpaka akaketi. "Kumbe yu hai! Haya, lete mwingine. Ila huyu msimguse tena, jamani."

Waliofuata wote walichinjwa kwa utulivu, na mimi nikapumua. Jioni nilimwona Mzee akienda kwake, kuku wetu kwapani, amemfunika kwa koti asipigwe na baridi.

Mungu akulinde, Shangazi, na magoti yako yapate nafuu.

Mwanao,
Zaina