Nani Ataonja wa Kwanza

Katubuka, Jumamosi, tarehe 8 Juni

Kaka Ezekia,

Bibi anakusalimu sana mjukuu wake. Macho yake yamechoka na simu haitaki, kwa hiyo anasema nami naandika, na nimemwahidi sitaacha hata neno. Mama ni mzima, na dagaa wamerudi Kibirizi. Lakini tangu utuambie kwamba wewe na rafiki yako mtapika pombe ya ndizi huko Dodoma, Bibi halali vizuri.

Uliuliza kwa nini kile kiwanda cha pombe cha Mwanga, ambako mama yake Bibi alikuwa mpishi, kilikufa. Anasema pale hakuna mteja aliyeuziwa kabla mpishi hajaonja mbele ya watu. Siku moja ya sikukuu, foleni ikiwa imefika barabarani, mama yake alionja, akatema, akaagiza mapipa yote yamwagwe.

“Mama, unatuua kwa kiu!” watu walipiga kelele.

“Kiu itawapa nafasi ya kurudi kesho,” aliwajibu.

Hawakurudi. Walihamia kwingine, tajiri mwenye kiwanda akakasirika, na baadaye kiwanda kikafungwa. Bibi hajui mpaka leo pombe ile ingefanya nini. Anajua tu kwamba kesho yake watu wote wale waliamka wazima, wakamnunia mama yake.

Mimi mdogo wako Neema naamini mtafanikiwa. Ila Bibi hataki nifunge bahasha kabla sijakuuliza, nawe ujibu upesi: huko kwenu, pombe ikiiva, nani ataonja wa kwanza?