Alibana Jina Lake Kwenye Namba Yangu

Mshauri mpendwa, mke wangu Dative anasema jambo hili ni la watoto na nisikupotezee muda, lakini silali vizuri, kwa hiyo naandika. Mimi ni Mkongo wa Uvira, naishi Northfield, na tangu kiwanda cha magari cha Longbridge nilichokuwa nikifanyia kazi kifungwe starehe yangu ni kutengeneza magari ya rimoti yanayotembea kwenye theluji, na mwenzangu ni Abdow, Msomali aliyekulia Nairobi akaishi Uholanzi kabla ya kuhamia hapa. Tulikuwa na gari moja na rimoti moja, yangu, tukipokezana kuendesha kila Jumamosi, mikanda yake tuliikata kwenye mpira kama ya tingatinga, na kile kisanduku kinachopokea amri za rimoti tulikifunga ndani ya puto la sherehe ili maji yasiingie.

Sasa theluji kubwa ya Februari hii ilipoanguka, kikundi chetu kikakutana kwenye mteremko wa bustani. Ujue kwamba kila rimoti ina namba ya mawimbi inayotumia, na rimoti mbili za namba moja zikiwashwa pamoja gari halijui limsikilize nani, linakwenda linakotaka, ndiyo maana tuna ubao wenye vibanio vya nguo vilivyoandikwa namba. Kabla ya kuwasha unakitoa kibanio cha namba yako na kukibana kwenye antena yako, na mwingine akikuta nafasi haina kibanio anajua namba ina mtu, anasubiri.

Mimi changu kilikuwa kwenye antena, gari langu linapanda vizuri na watu wanaangalia, mara Abdow akatokea na gari lake mwenyewe, ambalo hakuniambia hata siku moja kwamba analitengeneza, na rimoti ya mtumba yenye namba ileile yangu, akaenda kwenye ubao, akabana kibanio cha mbao chenye jina lake palepale kwenye nafasi yangu kana kwamba nimekufa, akawasha. Gari langu likageuka, likateremka kwa kasi, likamkosa kidogo tu mtoto aliyekaa kwenye kibao cha kuteleza, likagonga nguzo ya chuma. Nikamwuliza, "Abdow, unafanya nini?" Akanijibu mbele ya watu wote, "Bro, mimi nimeweka peg yangu. Yako iko wapi?" Nikamwambia, "Usinifanye mujinga," nikaokota vipande nikaenda nyumbani.

Narinder, mkuu wa kikundi, anataka nimwambie kama Abdow alifanya makusudi. Nikisema ndiyo, anafukuzwa. Dative ananiambia, "Weye Omer, ule mutu anakulaka ku meza yetu, sasa unamufukuza juu ya motoka ya kuchezea?" Nikamwambia alitaka kunivunjia gari. Akasema, "Angetaka kuivunja angeivunja kitambo, rimoti ilikuwa mu mikono yake kila samedi." Nimwambie nini Narinder?

Omer, Northfield

*

Omer, pole kwa gari. Kitu kinachopanda mteremko kwenye theluji hakitengenezwi kwa jioni moja, na mtoto kunusurika si jambo dogo. Hasira yako naielewa. Huruma yangu inaishia hapo.

Katika barua yako kuna jambo moja halikai sawa. Mtu anayetaka kumharibia mwenzake haandiki jina lake ubaoni. Kwa hiyo nilimpigia simu msomaji wetu Fartun wa Hockley, ambaye mumewe aliendesha magari haya walipokuwa wakiishi Eindhoven, Uholanzi. Sikumtajia mtu. Nilimwuliza tu ubao wa kule ulitumikaje.

"Kila mtu anakuja na peg yake kutoka nyumbani, imeandikwa jina," alisema. "Nafasi ikiwa tupu, iko free. Unabana yako, unawasha. Kwani nyinyi mnafanyaje?" Nilipomweleza, alicheka. "Kinyume kabisa. Wallahi mtaumizana."

Sisemi kwamba vikundi vyote vya Uholanzi viko hivyo. Nasema kimoja kiko hivyo, na hicho kinatosha kukuzuia kutamka neno "makusudi". Utazame ubao kwa macho ya Abdow: nafasi tupu, kwake, ni ruhusa. Alipokuuliza peg yako iko wapi, inawezekana kabisa alikuwa anauliza.

Na kwa nini hakujua? Kwa sababu rimoti ilikuwa moja, na kibanio ulikuwa unakitoa wewe. Ulimwonyesha lini? Barua yako haisemi. Yeye naye ana kosa: aliwasha mbele ya watoto bila kuuliza, na hilo aambiwe waziwazi.

Kuna jambo umelipita haraka. Umeandika kwamba hakukuambia hata siku moja kuwa anatengeneza lake. Hapo ndipo ulipoumia, na gari lako lilikuwa bado zima. Mtu mliyekata naye mikanda ameunda la kwake. Ulitaka akuombe ruhusa?

Leo mpigie Narinder. Mwambie huna ushahidi wa makusudi, na kwamba kanuni ya vibanio iandikwe juu ya ubao kwa herufi kubwa, mgeni asiwashe kabla hajaonyeshwa. Kisha nenda kwa Abdow kwa miguu yako, si kwa simu. Mwulize ubao wa kule alikotoka ulikuwaje, halafu unyamaze mpaka amalize. Lolote atakalosema, utakuwa umelisikia kwake na si kwa hasira yako.

Ukishalisikia, mwombe akutolee gari lake ulione. Hukuniandikia hata kama lina mikanda au magurudumu, na kwa fundi wa aina yako hiyo ni aibu. Lako mlitengeneze pamoja. Na ile fuwele ndogo inayochomekwa kwenye rimoti kuipa namba, ibadilishe wewe, si yeye. Theluji nyingine ikija mtahitaji namba mbili.