Mashine Niliyoizima

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Huku Mkolani tu wazima, bibi yako anakusalimu. Umeuliza kwa nini mashine zako za kupimia, zilizounganishwa kwa waya mmoja, zinagoma kuongea na kompyuta. Hata za maabara ya samaki nilikofanya kazi ujanani ziligoma: kompyuta ikisubiri zote zijibu "tayari", kimya.

Nikamfokea Neema, mwenzangu wa kazi, "Umeharibu waya!"

"Kaka, mimi sijagusa."

Bosi akaniamini mimi, akamfukuza kazi. Baadaye nikachomoa mashine moja moja kwenye waya. Iliyozuia zote ilikuwa yangu: niliizima kubana umeme wa luku, nikaiacha imeunganishwa. Sikumwambia mtu.

Mashine iliyozimwa inazuiaje zinazowaka? Mpaka leo sielewi, wala sielewi kwa nini nilinyamaza. Wewe anza kuchomoa iliyozimwa. Mimi leo naenda kwa Neema, sijui nitaanzaje.

Babu yako