Mota Uliyoniambia Haiachii

Shabani mpwa wangu,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, basi nimeshaijibu.

Kwanza ujue kwamba tangu uondoke, kutoka Kingolwira mpaka Mazimbu hakuna fundi mkubwa kuliko mimi mjomba wako. Watu wanatoka Dar kuja kuniuliza habari za mota. Juzi sokoni injinia mmoja alitaka kunivulia kofia, akakuta hana, akakimbia kuazima ili anivulie.

Sasa hivi niko chumbani kwako, nyuma ya kabati lako la gemu, lile ulilotaka skrini yake igeuke yenyewe, mara isimame, mara ilale. Nakuandikia kwenye kipande cha boksi la skrini, kwa penseli ya sikioni. Nimenaswa.

Siku ya arobaini yako nilisimama mbele ya ukoo mzima, pamoja na wale walioshuka na ndizi kutoka mlimani, nikasema kazi aliyoiacha mpwa wangu nitaimaliza mimi, maana mimi ndiye niliyemfundisha. Unajua kwetu Waluguru, mjomba akishasema mbele ya ukoo harudi nyuma. Mama yako akalishika neno hilo. Leo asubuhi kaniambia, "Kaka, baada ya hitima hilo kabati la gemu lizungushe skrini. Lisipozungusha naligeuza kabati la vyombo. Kila nikipita naliona limeacha mdomo wazi, kama linamwita mtu."

Na nimelimaliza, Shabani. Skrini nimeifunga kwenye ekseli ya baiskeli kama ulivyopanga, mkanda nimeuvuta, na ile mota ya waipa za gari tuliyoiokota wote kwenye vyuma chakavu ipo mahali pake. Unakumbuka mimi nilitaka ile ya pampu? "Mjomba, hiyo itazungusha na nyumba." Ukanionyesha hii ndogo. "Hii ikishika haiachii. Skrini ikisimama kwa gemu la ndege, hailali mpaka uilaze mwenyewe kwa gemu la ngumi."

Sasa kulikuwa na viswichi viwili ulivyovibandika pembeni. Mimi nikaona vya urembo, nikaving'oa. Leo nimetoka kwenye hitima yako na kanzu yangu, nikafunga komeo ili watu wasichungulie, nikawasha. Skrini ikasimama vizuri kabisa. Halafu ikapitiliza. Ndipo nikajua kazi ya viswichi: skrini ikivigusa, mota inazima. Nikainama kuizuia, mkanda ukala mkono wa kushoto wa kanzu, ukanivuta mpaka kwapani. Waya wa umeme nimeuchomoa kwa mguu. Mota nimejaribu kuirudisha kwa mkono, wapi. Haiachii, kama ulivyosema. Kisu kiko dirishani, komeo liko mlangoni, na mimi niko hapa.

Mama yako kaja mlangoni. "Kaka, pilau inapoa. Fundi gani anajifungia ndani kama mwali?"

Nikamjibu nakaza nati ya mwisho.

"Nati hiyo ndefu kama reli?"

Wakacheka huko nje. Na yeye akacheka, Shabani. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu... basi. Nikashindwa hata kuita mtu anisaidie, nisije nikamkatisha.

Kisha kicheko kikaisha. Sasa nasikia sahani zinagongana. Anakusanya vyombo vyake. Hakuniuliza tena.

Basi pumzika, mwanangu. Viswichi vimo kwenye kopo la misumari, nitavirudisha leo hii hii, pale pale ulipokuwa umevibandika. Na kitufe cha kwanza atakibonyeza mama yako, si mimi. Hilo nakuahidi, na safari hii hakuna ukoo unaosikiliza.

Ila lazima nimuwahi kabla hajafika na sahani, na njia ni moja: nivue kanzu niiache kwenye mkanda, nitoke hivyo hivyo mbele ya watu wote. Mwanamume kama mimi haogopi kutoka na bukta. Shida ni kwamba siku ya kugawa nguo zako nilimwapia mama yako kuwa nimezigawa zote, mpaka ya mwisho, na hii niliyovaa ni ile yako nyekundu ya kuchezea mpira.