Fundo la Ng'ombe

Jumanne, Agosti 1968

Na ningejuaje, mtu wa Endarasha huko milimani, ati bahari huondoka ikakuacha? Mto wetu hauna tabia hiyo.

Shemeji Abdalla, mume wa dada yangu, alinipa kazi moja tu leo. Tulipofika kwenye mikoko karibu na kisiwa chao upepo ukaisha, akashusha tanga, akaniambia nifunge mashua mtini tupumzike. Nikaifunga kwa kamba fupi, nikakaza, jinsi tunavyofunga ng'ombe asiingie shamba la jirani. Tukasinzia.

Kuamka, maji yamekupwa. Mashua imeinama, pua inaning'inia mtini, na majani ya chai niliyotoka nayo nyumbani yote yamemwagika matopeni.

"Kamba huachiwa urefu, shemeji," akasema, basi. Afadhali angenitukana.

Saa nne nzima nimekaa kwenye matope nikitazama paa la dada yangu Wambui. Miaka tisa sijamwona, tangu baba amfukuze kwa sababu ya kuolewa huku. Nilikuwa nimejipanga: shati safi, maneno tayari. Shemeji anayajua, lakini alikubali kuniachia mimi niyaseme.

Wambui akaja mwenyewe kwa miguu, leso ameipandisha magotini. Hata hakunisalimia kwanza. Aliishika ile kamba, akacheka mpaka machozi.

"Hili fundo ni la baba," akasema. "Bado anafunga ng'ombe hivi?"

Nikasema ndiyo.

Tulimzika baba mwezi uliopita. Kesho itabidi nianze kwa kuungama huo uongo.